Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya msingi: mtoto ajue kitabu alichoshika ni cha aina gani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa; Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania; Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani; na Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Nafundisha darasa la nne na la tano, na huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Ninalotaka kuwaambia nimekaa nalo muda mrefu, ila mwaka jana lilinielemea zaidi kwa sababu ya mtoto mmoja na kitabu kimoja cha nyuki.

Mtoto huyo wa darasa la nne aliazima kitabu chembamba cha kurasa 32 kinachoeleza maisha ya nyuki. Baba yake ni mrina asali, kama walivyo wazee wengi wa huku kwetu, na nilipoona amekichagua mwenyewe nilifurahi. Wiki ikapita. Nikamkuta chini ya mwembe, yuko ukurasa wa 6, amekunja uso. Nikamuuliza mbona hasogei. Akanijibu: "Mwalimu, namngojea nyuki apate shida."

Sikumwelewa mara moja. Baadaye nikaona kwamba alikuwa anakisoma kitabu kile kama hadithi. Sungura hupata shida, fisi hupata shida, yatima wa kwenye hadithi hupata shida, na hapo ndipo mambo huanza kunoga. Alikuwa amesoma kurasa 6 za malkia na nyuki wafanyakazi, shida haijatokea, akaamua kuvumilia.

Nikamuuliza: wewe ulitaka kujua nini hasa? Akasema alitaka kujua kwa nini nyuki wa baba yake walihama mzinga mwezi wa tatu. Nikamfungulia ukurasa wa yaliyomo, nikaushika mkono wake, nikakiweka kidole chake kwenye mstari uliosema nyuki wanapohama, ukurasa wa 21. Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba tunafanya kosa: "Kumbe inaruhusiwa kuanzia katikati?"

Waheshimiwa, mtoto huyo anasoma vizuri. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, aliivuka bila tabu, na akisimama kusoma kwa sauti darasa linatulia. Lakini katika miaka yake yote ya shule hakuna mtu aliyemwambia kwamba vitabu viko vya aina nyingi na kila aina ina namna yake ya kusomwa. Na mimi nimo katika hao wasiomwambia. Nilikuwa mwalimu wake.

Nimejiuliza imekuwaje. Kitabu anachokijua mtoto wetu ni cha kiada. Kinafunguliwa ukurasa aliotaja mwalimu, kinasomwa kwa sauti na darasa zima, maswali yako chini, majibu yanaingia kwenye daftari, kitabu kinarudi mezani. Akipewa kitabu kingine chochote atakisoma hivyo hivyo, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akingoja maswali. Kisha sisi walimu tunamwongezea swali moja tunaloliuliza juu ya kila kitu kilichochapwa: "Habari hii inatufundisha nini?" Nimeliuliza juu ya ngano ya sungura na fisi. Nimeliuliza juu ya shairi la mvua. Mwaka 2019 niliwahi kuliuliza juu ya maelezo ya namna ya kutengeneza sabuni ya mche, na watoto, kwa kuwa wanataka kumridhisha mwalimu wao, wakajibu kwamba tunafundishwa kuwa na bidii. Siku ile sikuona ubaya. Leo naona nilichowanyima. Maelezo ya sabuni yana maswali yake: je, nikifuata hatua hizi sabuni itatokea? Kuna hatua imerukwa? Vipimo vimetajwa? Ngano nayo ina ya kwake, na wala si lazima kila mara iwe funzo. Mtoto anaweza kuulizwa ni wapi alicheka, na kwa nini fisi hajifunzi hata baada ya kudanganywa mara tatu.

La ajabu ni kwamba watoto hawa hawaji shuleni mikono mitupu. Bibi akisema "Paukwa!" mtoto wa miaka 5 anajibu "Pakawa!" Akisema "Hadithi, hadithi!" wanaitikia kwa pamoja: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hebu tuyasikilize maneno hayo kama vile tunayasikia leo. Mtoto anauita uongo kwa hiari yake, akijua kabisa ni uongo, na anaomba utamu wake ukolee. Hakuna atakayeamka asubuhi akamtafute sungura aliyesema. Lakini akiambiwa "Kitendawili!" anajibu "Tega!" na papo hapo akili inakaa mkao mwingine: sasa haingoji kisa, inasaka jibu, na ikishindwa anajua atadaiwa mji. Kila aina ina mlango wake, na mtoto akishaingia anajua akae vipi. Hizo ndizo tanzu. Wasomi wa fasihi simulizi wameziandikia vitabu vinene, na mtoto wa kijijini anazijua kwa masikio kabla hajashika penseli.

Uzi unakatika pale sauti inapogeuka karatasi. Kitabu hakisemi "Paukwa". Kina jalada. Kina picha, za kuchora au za kamera. Kina ukurasa wa yaliyomo au hakina. Kina mistari mifupi iliyokatwa kwa beti, au majina ya wasemaji yaliyowekwa pembeni na nukta mbili, au maneno yaliyopangwa toka A hadi Z. Zote hizo ni "Paukwa" za kwenye karatasi, ila hakuna aliyemfundisha mtoto kuziitikia.

Mwezi Februari mwaka huu niliomba ufunguo wa kabati la vitabu vya ziada. Kabati liko ofisini kwa mwalimu mkuu, na simlaumu kwa kulifunga, maana kitabu kikipotea ni yeye anayeulizwa. Nikatandika mikeka miwili chini ya mwembe, nikavitoa vitabu vyote 63, nikawagawa watoto wangu 78 katika makundi 6, nikawaambia: vipangeni. Sikuwapa majina ya mafungu. Nilisema tu kwamba vinavyofanana vikae pamoja.

Kundi la kwanza likapanga kwa ukubwa, vipana chini na vyembamba juu. La pili likapanga kwa rangi ya majalada. Niliwaacha. Katika kundi la tatu kuna msichana ambaye darasani hanyooshi mkono. Yeye hakuangalia majalada. Alifungua kitabu, akasoma mistari miwili mitatu, akakiweka kulia. Akafungua kingine, akakiweka kushoto. Wenzake wakamuuliza anafanya nini. Akasema: "Hivi vina hapo zamani. Hivi havina."

Makundi mengine yakasikia, yakavunja mafungu yao, yakaanza upya. Kufika mwisho wa kipindi cha pili, dakika 80 kwa jumla, mikekani kulikuwa na mafungu sita, na majina waliyatoa wenyewe. Vya hapo zamani. Vya kweli. Vya kutafutia, ndizo kamusi tatu na atlasi mbili. Vya kughani. Cha kuigiza, kimoja tu. Na kingine kimoja walichokiita cha mtu mmoja, kinachoeleza maisha ya Mwalimu Nyerere tangu kuzaliwa Butiama mwaka 1922. Mtoto mmoja alitaka hicho kiende kwenye vya kweli. Mwingine akakataa, akasema vya kweli vinaeleza nyuki wote, hiki kinaeleza mtu mmoja peke yake. Chuoni nilikaririshwa maana ya wasifu na nikaandika kwenye mtihani. Sikuwahi kuusikia ukielezwa vizuri kuliko hapo.

Kitabu kimoja hakikupata pa kukaa. Ni kitabu cha picha ambamo mbuzi anawafundisha watoto kunawa mikono kwa sabuni. "Mbuzi haongei, kiende kwa hapo zamani." "Lakini kunawa mikono ni kweli, hata nesi wa zahanati alituambia." "Nesi alisema, mbuzi hakusema." Walibishana mpaka kengele ikagonga. Yule msichana mkimya akakichukua, akakilaza kati ya mafungu mawili, nusu huku nusu kule. Nimewahi kuhudhuria semina nyingi. Sijawahi kuona watu wazima wakishughulika na swali zito kiasi hicho kwa makini kama yale ya watoto wale.

Jioni niliyahesabu mafungu. Vitabu vya hapo zamani vilikuwa 44. Vya kweli 8, na vitano kati ya hivyo vinahusu magonjwa. Vya kutafutia 5, vya kughani 3, cha kuigiza 1, cha mtu mmoja 1, na yule mbuzi. Hakuna hata kimoja cha upelelezi. Hakuna cha safari. Hakuna kinachoeleza namna ya kutengeneza kitu chochote.

Hii haitokani na umaskini wa lugha yetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimwumba Bwana Msa, mpelelezi anayekaa na kiko chake na kuunganisha dalili mpaka mkosaji aonekane, na wasomaji wa Kiswahili wamemfuata toka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, akaandika pia habari za maisha yake mwenyewe, akatunga tenzi, insha na hadithi za nchi zisizokuwepo. Mtu mmoja, tanzu zote hizo. Na vitabu vya taarifa vilikuwepo vijijini kabla sijazaliwa. Baada ya zoezi lile la mikeka, mwanafunzi mmoja alikuja na kitu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni: kijitabu cha babu yake cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, karatasi zimekuwa za rangi ya chai, pembe zimeliwa na mende. Ndani kuna malaria, kuna kichocho, kuna kuchimba choo. Babu alikisoma katika kikundi, wakiwa na redio katikati, kisha wakatoka wakachimba. Mjukuu wake akaniuliza kikae fungu gani. Tukaona kikae kwenye vya kweli, lakini watoto wakataka kiwe na alama yake, kwa sababu, walisema, hiki ni cha kusoma halafu ukafanye.

Niwarudishie yule mtoto wa nyuki, maana habari yake haikuishia kwenye yaliyomo. Alikisoma ukurasa wa 21, akaenda nacho nyumbani, akamsomea baba. Kesho yake akaja na maswali mawili. La kwanza: baba anakubali kwamba nyuki huhama njaa ikizidi au wadudu wakiingia mzingani, ila anasema kitabu hakikutaja moto wa porini, na mwezi ule moto ulipita. La pili: kitabu kinaonyesha mzinga ni sanduku la mbao, na baba ana mizinga ya magome. "Mwalimu, kitabu kinasema uongo?"

Nikamwambia hakisemi uongo, hakikusema yote. Tukaangalia nani kakiandika, kimechapwa mwaka gani na wapi. Tukaona mwandishi alikuwa anazungumzia ufugaji wa kisasa. Yule mtoto akachukua daftari, akaandika habari ya kurasa mbili juu ya mizinga ya magome, akaweka kichwa cha habari, akachora picha ya mzinga ulioning'inia, akaandika chini ya picha sehemu zake. Hakuanza na hapo zamani za kale. Ukiuliza uongo wa hadithi kama ni kweli, umeuharibu utamu. Kitabu cha taarifa usipokiuliza hivyo, hujakisoma. Tofauti hiyo ameipata akiwa na miaka 10, kwa sababu ya mzinga wa baba yake.

Naandika haya kwenu, Waheshimiwa, kwa kuwa nilichokifanya hakina mahali pa kukaa katika kazi yangu ilivyopangwa. Kiongozi mmoja aliyetutembelea muda mfupi baadaye alipekua azimio langu la kazi, yaani mpango wangu wa kufundisha, hakuona kupanga vitabu, akaandika kwamba vipindi viwili vimetumika nje ya mada. Sina kinyongo naye. Alisoma karatasi aliyopewa aisome. Lakini mwalimu mwenzangu wa darasa la tano, aliyekuwa amepanga kufanya hivyo hivyo wiki iliyofuata, aliahirisha, na mpaka leo hajafanya.

Najua mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kutenda na si kukariri tu. Ndiyo maana nina imani barua hii haitaonekana ngeni kwenu. Najua pia kwamba kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, shule ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7. Mwaka mmoja umepungua, kwa hiyo la kufundishwa lifundishwe mapema.

Wapo watakaosema tanzu zipo sekondari, na kwa kuwa elimu ya lazima sasa ni miaka 10, kila mtoto atazikuta huko. Nimelifikiria sana jibu hilo na silikubali. Kule tanzu zinafika kwa sura ya maana: utanzu ni nini, kipera ni nini, taja, fafanua, toa mifano. Zinafika zikiwa zimefungwa ndani ya fasihi peke yake, wakati vitabu vingi ambavyo mtu hukutana navyo maishani si fasihi. Na kuna jambo kubwa zaidi. Mtoto wetu akiingia kidato cha kwanza, vitabu vya Baiolojia na Jiografia vinamgeukia kwa Kiingereza siku moja. Kama tayari anajua kitabu cha taarifa kinavyofanya kazi, kwamba kuna yaliyomo mbele na faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake, nyuma, kwamba maneno yaliyokolezwa yanaelezwa mahali, kwamba mchoro unasomwa pamoja na maandishi yake, basi atapata pa kushika hata kama lugha bado inampiga chenga. Kama hajui, atakuwa mgeni wa lugha na mgeni wa kitabu kwa wakati mmoja.

Sasa niseme ninachoomba, na nianze na ninachoogopa. Naogopa barua hii ikasikilizwa, kisha jambo lenyewe likaingia kwenye muhtasari wa somo kama mada ya maana ya maneno, na mwakani kila ubao nchini ukaandikwa "Aina za vitabu ni hizi zifuatazo." Watoto watazikariri zote. Yule wa nyuki atazikariri pia, na ataendelea kumngoja nyuki apate shida.

Kwa hiyo Taasisi ya Elimu, nawaomba kitu kinachotendeka. Darasa la tatu, mtoto apewe vitabu viwili vya kitu kimoja, kwa mfano hadithi ya simba na kitabu cha taarifa cha simba, avisome vyote, aseme kipi anaweza kukiuliza "ni kweli?" na kipi hapana, na amejuaje. Darasa la nne atumie yaliyomo na faharasa kutafuta jibu la swali lake mwenyewe, asisome kitabu kizima. Darasa la tano aichukue habari moja, tuseme mvua ya kwanza ya Novemba, aiandike kama shairi, kama igizo fupi na kama taarifa, aone mwenyewe kinachobadilika. Shairi tayari lina bahati: watoto wanajua vina, mizani na kituo kwa sababu mtihani wa darasa la saba unavipenda. Igizo halina bahati hiyo. Darasa la sita aletewe vilivyochanganyika, tangazo lililovaa nguo za habari, ujumbe wa simu unaojifanya wa daktari, kitabu cha mbuzi anayefundisha usafi. Katika simu ya mzazi wake ndimo atakamosoma zaidi akitoka kwetu, na humo hakuna jalada la kumsaidia.

Baraza la Mitihani, nawaomba kwa unyenyekevu msiulize "taja". Mnaweza kuweka vifungu viwili vifupi mbele ya mtoto na kumuuliza ni kipi angekifungua ili ajue kupanda mihogo, na ni maneno gani yamemjulisha. Swali la namna hiyo halikaririki, na mwalimu hana njia ya kuwaandaa watoto isipokuwa kuwapa vitabu mkononi. Sisi walimu tunafundisha kinachoulizwa. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyo, na nyinyi mnalijua kuliko mimi.

Wizara na TAMISEMI, vitabu vya ziada vinaponunuliwa, idadi isiwe hesabu pekee. Shule ikipelekewa vitabu 60, barua ya kupokelea ioneshe ni vingapi vya hadithi, vingapi vya taarifa, vingapi vya mashairi, maigizo, wasifu, kamusi na atlasi. Mahali pa kujaza pakiwepo kwenye fomu, atakayeona sifuri atauliza. Na tafadhali semeni kwa waraka kwamba kitabu cha ziada kikichakaa kwa kusomwa mwalimu mkuu hatadaiwa. Waraka huo mmoja utafungua makabati mengi.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewapa heshima waandishi wa hadithi za watoto, na nashukuru kwa hilo. Nawaomba muwafikirie pia wanaoweza kuwaandikia watoto vitabu vya taarifa kwa Kiswahili kizuri: nyuki wa miombo, reli ya kati inavyopita Tabora, samaki wa Ziwa Tanganyika, redio inavyoshika mawimbi. Kuandika ukweli ukaeleweka kwa mtoto wa miaka 9 ni ufundi mkubwa, na anayeufanya anastahili tuzo.

Bodi ya Huduma za Maktaba, nyinyi ndio mnaojua kupanga. Nikiwa mwanachuo niliingia maktaba ya mkoa Tabora, mkutubi akanionyesha namba mgongoni mwa vitabu: ngano ziko 398, ufugaji wa nyuki uko 638. Nilisimama pale kwa muda nikifikiri kwamba duniani kuna watu waliokaa wakaamua kila jambo likae wapi. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyoko Dar es Salaam, aliifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na sidhani tarehe ile ilichaguliwa hivi hivi. Kutoka kijijini kwetu mtoto hafiki huko. Naomba sanduku lije kwake. Vitabu 30 vya aina mbalimbali, vikae muhula mmoja, vihamie shule ya jirani, lije sanduku jingine. Sisi tutayapokea kituo cha basi, hata kwa baiskeli.

Vyuo vya ualimu sitavisemea mengi. Anayejiandaa kufundisha Kiswahili shule ya msingi asome kwanza vitabu 40 vya watoto, vya kila aina, kabla hajapewa nadharia ya kuvifundisha.

Wakati hayo yanasubiri, sisi tunaendelea na tulicho nacho. Watoto wameomba katoni za mafuta ya kula dukani, tumezilaza ubavu, zimekuwa rafu. Kila fungu lina kitambaa cha rangi yake: nyekundu kwa hapo zamani, buluu kwa vya kweli, njano kwa vya kutafutia. Mwalimu mkuu amekubali ufunguo ukae kwangu. Vitabu vitatu vimechanika na vimeshonwa na watoto wenyewe kwa sindano na uzi wa gunia. Hakuna kilichopotea.

Kipindi chetu cha vitabu ni Ijumaa, saa 5:20 asubuhi. Mmoja wenu akipita Sikonge, mikeka ipo na mwembe una kivuli. Kitabu cha mbuzi bado hakijapata fungu, na watoto wamenituma niwaulize Waheshimiwa mngekiweka wapi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, darasa la nne na la tano
Sikonge, Tabora